Kisomaji Kilichoondolewa Sokoni Kimerudi Dukani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa msomaji aliyetafuta kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, akaambiwa kimeshaondolewa sokoni, kisha baada ya miezi kadhaa akakikuta kinauzwa tena. Tunazungumzia vifaa vyenye kioo cha wino wa kielektroniki: Kindle ya Amazon, Kobo, Nook ya Barnes & Noble na ndugu zao. Kwa kifupi tutaviita visomaji. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu wanapopotezea pesa.

Niliambiwa kisomaji hiki hakitengenezwi tena. Imekuwaje leo nakiona dukani, tena kimeandikwa "kipya"?

Karibu kila mara, kiwanda hakijafunguliwa upya. Kuna mzigo uliokuwa umewekwa mahali, na sasa umeruhusiwa kutoka. Unaweza kuwa akiba ya wateja wenye waranti, vifaa vilivyorudishwa na taasisi iliyoagiza vingi kupita mahitaji, bidhaa zilizohamishwa kutoka soko la nchi moja kwenda la nchi nyingine, au visomaji vilivyotumika kidogo, vikakaguliwa na kufungwa upya.

Neno "kipya" linaweza kuwa la kweli kabisa, kwamba hakuna mkono uliowahi kukifungua. Hata hivyo, kisomaji kilichotoka kiwandani miaka minne iliyopita kina betri ya miaka minne na programu ya miaka minne, hata kama nailoni ya boksi haijachanwa. Ukilishika hili moja, mengi ya hapa chini utayakisia mwenyewe.

Nitajuaje kama kifaa kimeisha tu dukani au kimeachwa kabisa?

Kwa macho tu ni vigumu, maana ukurasa wa duka huandika maneno yaleyale. Kindle ya kwanza kabisa ilitoka tarehe 19 Novemba 2007 kwa dola 399. Ikaisha ndani ya saa tano na nusu, na haikupatikana tena hadi mwishoni mwa Aprili 2008. Aliyeitafuta mwezi wa Februari angeweza kuapa kwamba biashara imekufa, kumbe bidhaa ilikuwa inahangaika kukidhi oda.

Kuna pia kusimama kwa sababu ya kasoro. Kindle Colorsoft, yenye kioo cha rangi, ilipotoka mwishoni mwa Oktoba 2024, wanunuzi wa mwanzo waliona utepe wa njano chini ya kioo. Amazon ikachelewesha kuzituma, ikafanya marekebisho, kisha mauzo yakaendelea. Huko si kurudi kutoka kaburini.

Kuachwa kwenyewe huja kimya. Kampuni chache hutoa tangazo. Kindle Oasis ya mwisho ilitoka mwaka 2019. Mzigo ukapungua polepole hadi mwanzoni mwa 2024, ndipo Amazon ilipothibitisha kwamba ikiisha haitaletwa nyingine. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni hii: rangi zinaanza kukosekana moja moja, kisha ukubwa wa memori unabaki mmoja tu, halafu vifuniko vyake vinauzwa kwa bei ya kutupa. Duka linalouza kifuniko kwa hasara halitegemei kupata tena kifaa cha kukivaa.

Kuna mfano wa kweli wa kisomaji kilichoondolewa kikarudi?

Upo, na ndio mfano bora kuliko yote: Kindle DX.

Amazon iliitangaza Mei 2009 na kuanza kuiuza Juni, kwa dola 489. Kioo chake kilikuwa cha inchi 9.7, wakati Kindle ya kawaida ilikuwa na inchi 6. Ilikusudiwa kwa magazeti na vitabu vya kiada, na ilifungua faili za PDF moja kwa moja bila kuzibadilisha. Vyuo vikuu kadhaa vya Marekani, vikiwemo Princeton na Arizona State, vilikubali kuijaribu madarasani mwaka huohuo.

Majaribio hayakwenda kama ilivyotarajiwa. Wanafunzi walilalamika kwamba kuandika maelezo pembeni mwa ukurasa ni taabu. Kisha likaja suala zito zaidi: kifaa kiliweza kusoma kitabu kwa sauti, lakini menyu zake hazikuwa na sauti, hivyo mwanafunzi asiyeona hangeweza hata kukichagua kitabu chenyewe. Chama cha kitaifa cha wasioona cha Marekani kilifungua kesi dhidi ya Arizona State mwaka 2009, na Januari 2010 pande mbili zikaafikiana. Vyuo vingine kadhaa vilikubaliana na Wizara ya Sheria kwamba havitatumia kifaa cha namna hiyo madarasani mpaka kiweze kutumiwa na wasioona. Ninalitaja hili kwa urefu kwa sababu ukisoma historia ya DX utaambiwa tu kwamba iPad iliiua. Ni kweli kwamba iPad ilitoka Aprili 2010 ikiwa na kioo cha inchi 9.7 vilevile na bei ya kuanzia dola 499. Lakini mlango wa vyuo, ambao ndio DX ilijengewa, ulikuwa umeshaanza kufungwa kabla yake.

Julai 2010 ikaja DX ya rangi ya kijivu cha risasi, yenye kioo cha kizazi cha Pearl kilichokoza wino zaidi, kwa dola 379. Baada ya hapo haikuguswa tena. Mwaka 2011 ukapita bila toleo jipya. Oktoba 2012 ikaondolewa kwenye duka la Amazon, na wapenzi wake wakaiaga.

Mwaka 2013 ikarudi. Ikauzwa kama mpya kwa dola 299, kifaa kilekile cha 2010, bila waifai, bila taa, na kibodi yake ya vitufe chini ya kioo. Haikuboreshwa hata chembe. Iliuzwa kwa muda, kisha ikaondoka moja kwa moja.

Sasa huo mzigo wa 2013 ulitoka wapi, kama kifaa kilikuwa kimeshaachwa?

Hapa inabidi kuelewa hesabu ya waranti. Kampuni inapouza kisomaji chenye waranti ya mwaka mmoja, inajiwekea deni: kikiharibika ndani ya mwaka huo, ikibadilishe. Visomaji vya Amazon havikuundwa kufunguliwa na fundi wa mtaani, kwa hiyo kubadilisha maana yake ni kumpa mteja kifaa kingine kizima. Kifaa kinapokaribia kuachwa, ni lazima zitengwe katoni za kutosha kulipa deni hilo hadi waranti ya mnunuzi wa mwisho iishe.

Kwa kifaa kikubwa na cha bei kama DX, kukisia kidogo ni hatari. Ukiishiwa, utalazimika kumrudishia mteja pesa au kumpa kifaa cha aina nyingine ambacho hakukitaka. Basi kampuni hutenga zaidi. Waranti zikianza kuisha, akiba iliyobaki haina kazi tena, nayo inachukua nafasi ghalani na betri zake zinazeeka kila siku. Kuiuza ndilo jambo la busara. Mimi nauona mwendo wa DX, kuondolewa Oktoba na kurudi mwaka uliofuata kwa bei ya chini na bila kubadilishwa chochote, kuwa unalingana na hesabu hii kuliko na maelezo mengine yoyote niliyowahi kuyasikia.

Vyanzo vingine vya mzigo ni vya kawaida zaidi. Taasisi iliyoagiza vifaa mia tano ikatumia mia tatu huvirudisha. Soko la nchi moja likifungwa, bidhaa huhamishwa: Amazon ilifunga duka lake la vitabu vya Kindle nchini China tarehe 30 Juni 2023, baada ya kuacha kuwapelekea wauzaji wa huko vifaa mwaka mmoja kabla. Na kila msimu wa sikukuu Ulaya na Marekani huacha wimbi la vifaa vilivyorudishwa Januari na watu waliopewa zawadi wasiyoihitaji.

Kama watu wanakipenda hivyo, kwa nini kampuni isitengeneze tu kingine?

Kwa sababu kioo hakipatikani kwa rejareja. Karibu vioo vyote vya wino wa kielektroniki vinatokana na kampuni moja, E Ink, iliyozaliwa mwaka 1997 kutoka maabara ya MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, na kununuliwa mwaka 2009 na kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikitengeneza vioo hivyo. Vizazi vya kioo hupokezana: Pearl mwaka 2010, Carta mwaka 2013, kisha matoleo ya Carta yaliyofuata, na vya rangi vinavyoitwa Kaleido. Kiwanda kikishageuza mashine zake kwenda kizazi kipya, kuomba kioo cha zamani ni sawa na kumwomba fundi cherehani akushonee sare ya shule iliyobadilishwa rangi miaka kumi nyuma. Kitambaa chenyewe hakifumwi tena. Kiwanda kitakufumia ukiagiza robota zima, wala si gora moja.

Kioo cha inchi 6 kilikuwa kikiagizwa na kila mtu: Amazon, Kobo, Sony, Barnes & Noble. Hata mmoja akijiondoa, wengine waliendelea kukiweka hai. Cha inchi 9.7 kilikuwa na wateja wachache. Ndiyo maana visomaji vya ukubwa usio wa kawaida huondoka mapema, na vikirudi, hurudi kama mabaki.

Halafu kuna kalibu za plastiki, chipu ambazo mtengenezaji wake ameziacha, na vibali vya mawimbi ya redio vya kila nchi. Yote hayo hulipwa upya hata kama kifaa ni kilekile. Kwa bei hiyohiyo kampuni inapata kifaa kipya.

Kuna sheria inayoweza kukizuia kisirudi?

Ipo, na imeanza kuuma. Umoja wa Ulaya umeamuru kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, visomaji vipya vinavyoingizwa sokoni huko viwe na tundu la chaji la USB-C. Kindle Oasis haikuwahi kuwa na tundu hilo, hadi mwisho ilibaki na lile dogo la zamani. Mzigo uliokwisha kuingia sokoni kabla ya tarehe hiyo unaweza kuendelea kuuzwa, lakini kiwanda hakiwezi kuunda Oasis ileile leo na kuipeleka Ulaya.

Kanuni nyingine ya Ulaya, ya betri, inataka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe, isipokuwa kwa vifaa vichache vilivyosamehewa. Ningefurahi sana kuliona jambo hili likifika kwetu pia. Kindle ya 2007 ilikuwa na betri ya kufungua nyuma kwa kidole. Toleo la pili likaifungia ndani.

Maneno "kama kipya", "kilichorekebishwa" na "mtumba" yana tofauti?

Yana tofauti kubwa, na kosa la kuyachanganya hulipiwa na mnunuzi.

Kilichorekebishwa na kampuni yenyewe ni kile kilichorudishwa, kikapimwa, kikafutwa data, pengine kikabadilishiwa sehemu, na kikapewa waranti. Amazon na Kobo zote zimewahi kuviuza. Kwa kisomaji kilichoachwa, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko kutafuta "kipya", kwa sababu angalau kuna mtu aliyekiwasha hivi karibuni akakuta kinafanya kazi.

Kilichorekebishwa na muuzaji wa nje ni ahadi ya huyo muuzaji tu. Anaweza kuwa mwaminifu, anaweza kuwa amekifuta kwa kitambaa na kukiweka kwenye boksi jeupe.

Mtumba ni mtumba. Kariakoo, au Luthuli kule Nairobi, utavikuta visomaji vilivyoshuka kwenye mzigo mmoja na simu na kompyuta mpakato kutoka Ulaya au Dubai. Vingine ni vizuri sana. Kiwashe papo hapo, usikubali "kina chaji kidogo tu, kitawaka ukifika nyumbani".

Betri iliyokaa ghalani miaka mitatu itakuwa hai?

Inaweza. Betri ya lithiamu ikihifadhiwa ikiwa na chaji ya nusu, mahali pa baridi, inazeeka polepole. Adui ni joto na kuachwa ikaisha kabisa. Ikishuka chini ya kiwango fulani, sakiti ya ulinzi huifunga, na kifaa kinaonekana kimekufa.

Mimi nimewahi kununua kisomaji cha boksi lisilofunguliwa kutoka duka moja mjini. Kilikuwa hakijaguswa tangu kiwandani, na hakikuwaka. Muuzaji akasema nimekiharibu mimi. Nilikiacha kwenye chaja ya nguvu ndogo usiku mzima na nusu ya siku iliyofuata, ndipo picha ya betri tupu ikajitokeza. Kiliwaka, lakini badala ya wiki kadhaa za chaji moja nilipata siku nne. Tangu hapo sichukui kisomaji cha ghalani bila makubaliano ya maandishi ya kukirudisha ndani ya siku saba.

Kwa walio pwani, angalieni pia mpira laini unaopakwa mgongoni na kwenye vitufe vya baadhi ya mifano ya zamani. Joto na unyevu huufanya unate kama sukari guru, hata kama kifaa hakijatumika.

Nikikinunua Dar, Mombasa au Bujumbura kitafanya kazi?

Kioo kitafanya kazi. Swali ni huduma zilizo nyuma ya kioo, na hapo ndipo kisomaji kilichorudi kinapoweza kukuumiza.

Chukua DX tena. Haina waifai. Ilitegemea 3G iliyolipiwa na Amazon, na toleo la kimataifa lililotoka Januari 2010 liliifanya itumike katika nchi zaidi ya mia. Watu wa kwetu waliokuwa nayo wakati huo watakumbuka ajabu ya kitabu kushuka chenyewe bila bando. Mwaka 2021 Amazon ikawaarifu wateja kwamba Kindle za zamani zitapoteza mtandao huo huko Marekani, na Februari 2022 kampuni ya AT&T ikazima 3G yake. Agosti 2022 duka la vitabu likafungwa ndani ya Kindle kadhaa za zamani, zikiwemo DX ya kimataifa, Kindle Keyboard na Kindle Touch: huwezi tena kununua wala kuazima ukiwa kwenye kifaa. Na tarehe 26 Februari 2025 Amazon ikaondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya.

Ziunganishe hatua hizo. Mtu anayeletewa leo DX "mpya" ana kifaa ambacho hakiwezi kufikiwa na kitabu alichonunua Amazon kwa njia rasmi. Hakuna kilichoharibika ndani yake, barabara tu zimefungwa moja baada ya nyingine.

Kinachobaki ni faili zako mwenyewe. Kwa waya, DX bado inasoma PDF, TXT na MOBI (faili la kitabu la Kindle za zamani) isiyo na kufuli la muuzaji. EPUB, aina ya faili la kitabu inayotumiwa na visomaji vingine vingi, haiisomi, lakini programu ya bure ya Calibre kwenye kompyuta huigeuza kwa dakika moja.

Kwa Kindle nyingine za 2012 kurudi nyuma, fahamu kwamba nyingi zilitakiwa kupata sasisho kabla ya tarehe 22 Machi 2016 ili ziendelee kuunganishwa na Amazon. Kifaa kilichokuwa kimelala ghalani siku hiyo hakikulipata, kwa hiyo lazima uliweke kwa mkono, kwa waya. Muuzaji asiyejua hili atakuambia waifai ya kifaa ni mbovu.

Vitabu vya Kiswahili vitasomeka kwenye kifaa cha zamani?

Vitasomeka vizuri. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina alama ngeni, kwa hiyo hata kisomaji cha 2009 hakibabaiki. Sehemu pekee niliyoona tatizo ni king'ong'o: kama faili la TXT halikuhifadhiwa kwa UTF-8 (mpangilio wa kompyuta wa kuhifadhi herufi), alama iliyopinda ya "ng'ombe" hugeuka kuwa vijiboksi au herufi za ajabu. Lihifadhi upya kwa UTF-8, ujaribu tena.

Maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ni habari nyingine. Visomaji vya zamani haviyapangi ipasavyo yakiwa maandishi. Yakiwa picha ndani ya PDF, kama ilivyo kwa miswada ya tenzi iliyopigwa skani, yanaonekana kama yalivyo. Na hapa lazima niseme wazi kwa nini ninajali kifaa kikubwa kilichopitwa na wakati: ukurasa wa utenzi kwenye inchi 6 haufai, unasogeza huku na huku mpaka unapoteza mshororo. Kwenye inchi 9.7 ubeti wote uko mbele yako. Binamu yangu aliyeko Maskati ananiletea nakala za namna hiyo, na nazisoma juani barazani bila kukunja uso.

Je, vipo visomaji ambavyo havitarudi kamwe?

Vya Sony. Ndio waliotangulia, kwa Librie nchini Japani mwaka 2004, miaka mitatu kabla ya Kindle. Februari 2014 Sony ilitangaza kufunga duka lake la vitabu la Marekani na Kanada na kuwahamishia wateja Kobo, na mwaka huohuo ikathibitisha kwamba kisomaji chake cha PRS-T3 ndicho cha mwisho kwa wasomaji wa kawaida. Unavyoviona leo ni vya mitumba tu.

Nook haikufa, lakini nchini Uingereza duka lake la vitabu lilifungwa Machi 2016. Wateja wakahamishiwa kwa Sainsbury's, kampuni ya maduka makubwa ya huko, na kabla mwaka haujaisha Sainsbury's nayo ikafunga huduma yake ya vitabu na kuwapeleka Kobo. Vitabu vya mtu mmoja, maduka matatu, mwaka mmoja. Ukiona Nook ya toleo la Uingereza inauzwa kwa bei ya chai na maandazi, sababu ndiyo hiyo.

Kuna wakati ambapo kifaa kinarudi kwa sura nyingine?

Ndiyo, na mara nyingi hiyo ni habari njema kuliko kurudi kwa mabaki. Ukurasa mkubwa wa DX ulirudi mwaka 2022 kwa jina la Kindle Scribe, inchi 10.2, pamoja na kalamu ya kuandikia, ambayo ndiyo waliyoililia wanafunzi wa 2009. Vitufe vya kugeuzia ukurasa viliondoka Amazon pamoja na Oasis, lakini Kobo imeviendeleza kwenye visomaji vyake vya Libra. Kobo pia, kuanzia matoleo yake ya rangi ya 2024, ilishirikiana na iFixit, kampuni inayouza vipuri na kufundisha watu kujitengenezea vifaa, ili vipuri na maelekezo ya kurekebisha vipatikane. Kama unachokikosa ni sifa fulani tu na si jina la kifaa, tafuta sifa hiyo.

Shule au maktaba yetu imepewa ofa ya visomaji vingi vya zamani kwa bei nafuu. Tuchukue?

Chukueni ikiwa mna vitabu vyenu katika mafaili, na mna mtu mmoja anayeijua Calibre vizuri. Visomaji vilishathibitisha kufaa kwa shule za kwetu: Worldreader, shirika lililoanza kazi Ghana mwaka 2010, lilileta Kindle Kenya pia, na watoto walizitumia mahali ambapo umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa sababu chaji moja ilidumu siku nyingi. Baadaye shirika hilo likaelemea zaidi kwenye simu.

Msichukue ikiwa mpango wenu ni kununua vitabu kupitia kifaa chenyewe. Na ulizeni mapema kuhusu wanafunzi wasioona. Arizona State waliuliza wakiwa wameshachelewa.

Bei ya haki ni ipi?

Kifaa kilichorudi kinapaswa kuwa na bei ya chini kuliko siku kilipoondoka. DX ilishuka kutoka 379 hadi 299, na bado kulikuwa na watu waliosema ni ghali. Ukiona muuzaji anatoza zaidi kwa kisingizio kwamba "hazitengenezwi tena", anauza uhaba. Mkusanyaji wa vifaa anaweza kuulipia uhaba huo, msomaji hana sababu.

Ongeza kwenye hesabu yako usafiri, ushuru wa forodha, na betri ya pili. Ikiwa jumla inakaribia kisomaji kipya chenye USB-C, mjadala umekwisha.

Kimerudi leo asubuhi. Ninunue sasa au nisubiri?

Mzigo wa mabaki haujazwi tena. Kama umeshajua utakitumia kwa faili zako mwenyewe na muuzaji anakubali kukipokea kikiwa na hitilafu, nunua. Kikifika, usikimbilie kusoma. Kichaji hadi kijae, nenda kwenye mipangilio uangalie toleo la programu na namba yake, kisajili kwenye akaunti yako, halafu weka PDF moja na kitabu kimoja cha kawaida. Kifaa kilichoripotiwa kuibwa au kupotea kinaweza kukataliwa kwenye usajili, na hilo unataka kulijua siku ya kwanza, risiti ikiwa bado mfukoni. Washa kioo cheupe kitupu, kiinamishe kwenye mwanga, utafute mistari isiyofutika. Kisha kiache mezani bila kukigusa kwa siku mbili, uangalie betri imeshuka kiasi gani.